Mwanamume wa Santuri ya Buluu

Benchi lenyewe halina sifa yoyote. Ni mbao zilizofungwa kwa boliti kwenye chuma, mbele ya duka la mikate la Ishbel, mjini Grangemouth. Ukikaa huku unaona moshi wa kiwanda cha mafuta, ukikaa kule unaona duka la kupaka rangi kucha. Hilo duka la kucha ndilo lililokuwa duka la santuri enzi hizo, na lilipokufa wateja wake walivuka barabara wakabaki hapo. Kila Jumatano asubuhi utawakuta, inyeshe isinyeshe, kila mtu na kikombe chake cha kahawa, wanabishana juu ya bendi moja tu: Tansy Hour, watoto wa mji huohuo, waliosambaratika zamani na wala hawana habari kwamba kuna watu wanazeeka kwa ajili yao. Majina ya nyumbani hayatumiki hapo. Drew Meikle ni Tokyo, kwa sababu kwake yeye santuri isiyochapwa Japani ni sahani ya kulia viazi. Gordon Pirie ni Glavu; hashiki santuri bila glavu nyeupe za pamba, na santuri nyingine alizinunua ujanani na mpaka leo hajazitoa kwenye nailoni. Lachlan Begg ni Sindano, fundi wa mashine za santuri, mtu wa maneno machache. Wa nne alikuwa Walter Rennie, ambaye wote walimwita Kwanza, kwa kuwa alikusanya chapa ya kwanza tu, ile iliyotoka kiwandani mwanzo kabisa. Chapa ya pili hata ukimpa bure atakurudishia. Kwanza alifariki Jumapili. Kesho anapelekwa Camelon, kwenye tanuri la kuchomea maiti.

Sindano alikuwa hajagusa kahawa yake. Jambo lililomkaa rohoni lilikuwa dogo kulieleza na zito kulibeba. Jana yake mjane, Elspeth, alimshika mkono pale mlangoni akamwambia: Lachlan, pazia la mbele ya jeneza likianza kufungwa nataka wimbo wake upigwe. Ule wimbo wake. Wewe unaujua. Na Sindano, badala ya kusema haujui, akaitikia kwa kichwa. Unamwambiaje mjane kwamba umekaa benchi moja na mumewe miaka yote hiyo na wimbo wake huujui?

– Hakutaja jina? Tokyo aliuliza.

– Nani anajua majina ya zile nyimbo? Sindano akasema. Alichosema ni kwamba ni ule anaoimba mwanamume. Polepole, sauti nzito, kama mtu anayetaka kulala.

Wakatazamana wote watatu, na walikuwa na haki. Tansy Hour ilikuwa na gitaa lililojaa mwangwi mpaka hujui limeanzia wapi, ilikuwa na mashine ya kupiga ngoma, na ilikuwa na Morven, binti wa mtaa wa nyuma ya bandari, aliyeimba kwa sauti nyembamba ya juu maneno yasiyo ya lugha yoyote. Watu walimsikiliza wakalia, ukiwauliza wanalilia nini hawajui. Ndiyo ilikuwa raha yake. Lakini mwanamume aliyeimba kwenye Tansy Hour hakuwapo, hata wa kuitikia kiitikio.

– Basi mama wa watu amechanganya, Glavu alisema. Majonzi hayo. Itakuwa ni bendi nyingine.

– Ipi? Itaje, Tokyo akamkata. Kwanza alikuwa na Tansy Hour na kalenda ya ukutani, basi.

– Alikuwa na santuri ya zumari.

– Ile alipewa zawadi ya harusi. Hata hakuifungua.

– Sasa we unataka kusemaje?

Tokyo akashika kikombe kwa mikono miwili, akajivuta mbele. Alipofanya hivyo wenzake walijua Japani inakuja.

– Mimi nasema hivi. Ile chapa ya Japani ya santuri ya tatu ina wimbo mmoja wa nyongeza. Morven alifika kule sauti imekauka kwa safari. Mpiga gitaa akaambiwa, hebu imba wewe tuondoke hapa. Akaimba.

– Umeusikia? Glavu aliuliza.

– Sijausikia. Nimesoma.

– Umesoma wapi?

– Pembeni ya kava. Kwa Kijapani.

– Kijapani umekijua lini wewe?

– Sikijui. Lakini ukikitazama muda mrefu unaelewa wanakoelekea.

– Acha fiksi, bwana. Halafu Kwanza na Japani wapi na wapi? Si alikuwa anasema santuri zako ni vitambaa vya meza?

Hilo lilimwingia Tokyo vizuri, akanywa kahawa. Glavu akaona uwanja ni wake.

– Mnataka kujua? Hiyo ni santuri ya majaribio. Kiwanda kabla hakijachapa zile za kuuza kinachapa chache za kusikilizia, lebo nyeupe tupu. Na mnajua wale walirekodi santuri ya kwanza kanisani, kule Bo'ness. Sasa usiku ule mchungaji alikuwa ndani. Alikuwa anafanya mazoezi ya zaburi zake chumba cha nyuma, sauti ikapenya ukutani, ikanaswa. Walipogundua wakaifuta. Lakini ile ya majaribio ilishatoka.

– Mchungaji, Tokyo akarudia.

– Mchungaji.

– Mchungaji wa Bo'ness kaimba Tansy Hour.

– Sikusema alijua anaimba.

– Ukifika huko bora useme tu ni pacha wake Morven.

– Morven hana pacha.

– Ndiyo maana hajulikani. Tena sasa umenifungua macho. Kwa nini bendi ilivunjika ghafla vile? Kwa nini hawakutoa maelezo? Familia. Kaka alitaka jina lake liwe kwenye kava, wakamnyima.

Alianza kwa mzaha, lakini alipofika kwenye kava tayari alikuwa anaamini. Glavu naye, aliyekuwa na mchungaji wake wa kumtetea, akaanza kupima kama mchungaji na pacha hawawezi kuwa mtu mmoja. Ndivyo benchi lile lilivyofanya kazi siku zote. Mtu anatupa neno kwa kutania, mwenzake analiokota, baada ya kahawa ya pili ni historia.

– Na Kwanza alijua, Glavu alisema kwa sauti ya chini. Ndiyo maana tulipokuwa tunabishana alikuwa anatabasamu tu. Alikuwa nayo chumbani kwake, anatucheka.

– Hivi hiyo santuri sasa iko wapi?

– Hilo ndilo swali. Maana haiwezi kupelekwa Camelon. Ile mashine yao pale sindano yake ni ya kuchimbia barabara. Inatakiwa ikae mahali pakavu, isimame wima, isiguswe.

– Mahali kama kwako, sivyo?

– Sikutaja kwangu. Lakini kwangu ni pakavu.

Sindano akaweka kikombe chini.

– Mwenzenu yuko kwenye jeneza, nyinyi mnagawana kabati lake.

– Hakuna anayegawana, Glavu alisema. Tunahifadhi.

– Mimi kesho nikisimama pale na wimbo usiokuwa wenyewe, Elspeth atanitazama. Hatanisema, atanitazama tu. Sasa kama hamna la kunisaidia nyamazeni, ninywe hii kahawa.

Akanyanyua kikombe, kahawa imepoa. Alikuwa anamkumbuka Kwanza, na kila alichokumbuka kilikuwa cha chapa na kava: namna alivyoinamisha santuri kwenye mwanga kusoma alama zilizokwaruzwa karibu na lebo, namna alivyosema ya kwanza ni ya kwanza, hizo nyingine ni makombo. Alijua ni kava zipi zilikuwa na kona iliyokunjika na zilikunjwa na nani. Wimbo wake hakuujua.

Ndipo akatokea msichana, au tuseme mama mtu mzima, maana Rhona Rennie sasa ana watoto wake Aberdeen. Ila kwa wale wazee alikuwa bado msichana wa Kwanza. Alishuka na treni jana. Alikuja na mfuko wa dukani uliolowa mvua, akasimama mbele ya benchi.

– Shikamooni wazee. Mzee Lachlan, nimekutafuta kwako nikaambiwa uko huku.

– Marahaba, binti. Pole tena.

– Nimeshapoa. Mama kasema nikuletee hii, isije ikawa unahangaika bure. Nilikuwa nafuta vumbi mashine ya baba, nikafunua kifuniko, nikaikuta bado iko juu. Ndiyo ya mwisho kuipiga. Wimbo wenyewe umo humu.

Akaingiza mkono mfukoni akatoa santuri, bila kava, bila karatasi ya ndani, kidole gumba katikati ya mistari. Glavu alifumba macho. Tokyo aliyafumbua zaidi. Kwa muda mfupi pale benchini palikuwa na mchungaji wa Bo'ness na pacha wa Morven na kila kisichojulikana duniani.

Kisha Sindano akaipokea kwa kingo, akaigeuza.

– Hii ni Buluu, akasema.

Buluu kila mtu anayo. Kava lake ni rangi ya buluu iliyomwagika ovyo, ndiyo sababu ya jina, nyimbo mbili huku na mbili kule. Santuri ya pili ya Tansy Hour, iliyouzwa mpaka kwenye maduka ya magazeti. Tofauti ya hii ilikuwa ni lebo ya katikati: picha ya maji tu, hakuna herufi hata moja. Ya Kwanza ilikuwa chapa ya kwanza, bila shaka. Chapa ya pili walirekebisha wakaandika.

– Binti, Tokyo alisema kwa upole wa mtu aliyevunjika moyo, humu hakuna mwanamume. Hiyo ni Morven mwanzo mpaka mwisho.

– Mzee, mimi nimekulia ndani ya huo wimbo. Kila Jumapili asubuhi mama anapiga pasi, baba kajifungia chumba cha pili, na ukutani anaimba mwanaume. Nilikuwa namwogopa nikiwa mdogo. Baadaye nikampenda.

– Kupitia ukutani sauti hubadilika, Glavu alisema.

– Sauti ya mwanamke inabadilika ikawa ya mwanaume?

– Inategemea ukuta.

Sindano hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa ameiinamisha ile santuri kwenye mwanga, anatazama lebo isiyo na herufi, na uso wake ulikuwa umebadilika. Akainuka bila kusema, akaenda kwenye gari lake, akarudi na mashine ya mteja aliyoitengeneza juzi, ile ya kufunga kama sanduku. Ishbel akampisha kwenye meza ya dirishani, akachomoa waya wa birika la kahawa ampe umeme, wote wakaingia ndani wakasimama kati ya mikate.

Alizungusha kitufe cha kasi kwenye arobaini na tano, akashusha sindano. Gitaa likajaa dukani, Morven akapanda juu yake na sauti yake ile nyembamba. Tokyo na Glavu waliitikia kwa vichwa taratibu, kama watu waliofika nyumbani.

– Huyu nani? Rhona aliuliza.

– Morven.

– Huyu simjui. Siyo huu. Mbona wana haraka hivi, wanakwenda wapi?

Sindano akageuza kitufe. Thelathini na tatu. Morven akateremka. Sauti yake ikashuka ngazi kwa ngazi mpaka ikawa nzito, ikawa ya mwanamume fulani mchovu, mpole, anayevuta kila neno lisilo na maana. Na gitaa likatanuka nyuma yake, na mapigo ya ngoma yakaachana. Rhona akaweka mkono mdomoni. Machozi yalimtoka palepale na hakujaribu kuyaficha.

– Huyo, akasema. Huyo ndiye.

Hakuna aliyesogea mpaka Ishbel, ambaye hakusanyi kitu, alipouliza kuna nini. Ikabidi Sindano aeleze. Santuri pana huwa ni za mizunguko thelathini na tatu kwa dakika, ndivyo kila mtu anavyojua. Chache, zenye nyimbo nne kama hii, ni pana hivyohivyo lakini huenda kwa arobaini na tano, na kinachokuambia ni maandishi ya lebo. Chapa ya kwanza ya Buluu haikuandikwa. Aliyenunua ya pili alisoma akajua.

– Na Kwanza ya pili hakuigusa, Tokyo alisema, akaanza kucheka, kisha akaacha. Maskini. Miaka yote hiyo.

– Redioni je? Hakuwahi kuusikia redioni? Ishbel aliuliza.

– Redio kwake ilikuwa makombo, Tokyo akasema. Na jukwaani nyimbo za Buluu hawakuzipiga. Hawakuweza, yale magitaa yalikuwa mengi mno.

Glavu alikuwa amekunja uso, na safari hii si kwa ajili ya kidole gumba.

– Sikilizeni, akasema. Kesho watakuja watu. Watatoka Edinburgh, watatoka Dundee, wale wote waliokuwa wanampigia Kwanza simu kumuuliza ipi halisi ipi si halisi. Ukipiga hivi, wimbo ukianza tu watajua. Watasema Walter Rennie, bingwa, hakuwahi kuisikia Buluu maishani mwake. Watamcheka mbele ya jeneza lake. Piga arobaini na tano, Sindano. Mfichie mwenzako aibu.

– Nikipiga arobaini na tano Elspeth hataujua.

– Atazoea.

– Atazoea lini? Pazia linafungwa mara moja tu, bwana.

– Basi usipige huo kabisa. Piga mwingine. Heshima ya mtu ni jina lake.

Na hapo, niseme ukweli wa mambo, Glavu hakuwa akiongea upuuzi. Kwanza alikuwa na mke na binti, na alikuwa na hilo jina, na hilo jina alilipata kwa kutokosea. Sindano alijua hivyo. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe na haukujua pa kwenda.

– Labda alikuwa anajua, Tokyo alisema. Labda alikuwa anapenda hivyo.

– Hakujua, Glavu akasema.

– Utasemaje hakujua? Masikio yale? Kwanza alimwona Morven jukwaani. Aligundua siku nyingi, akaona hii ni tamu zaidi, akanyamaza. Ilikuwa ni siri yake. Nakwambia, alikuwa anatutega sisi.

– Au alidhani ndiyo sanaa yenyewe, Glavu alisema, na pasipo kutaka akaanza kushika moto. Kwamba bendi ilikusudia. Kwamba lebo haikuandikwa makusudi, ili kila mtu achague.

– Naam. Kwamba ndani ya Buluu moja kuna bendi mbili.

– Na ya pili hatujawahi kuisikia sisi.

– Wazee, Rhona alisema.

Hakupandisha sauti. Alikuwa amekwisha kujifuta macho, na aliwatazama mmoja mmoja, kwa hamu kabisa, maana alitaka kujua kweli.

– Mlipokuwa mnakuja nyumbani kusikiliza naye, alikuwa anaweka ipi?

Tokyo akamtazama Glavu. Glavu akatazama mikate. Ishbel, aliyewauzia kahawa miaka yote hiyo, akasubiri jibu pamoja na Rhona, kwa kuwa na yeye siku zote alidhani hivyo: kwamba wakitoka hapo wanakwenda mahali kusikiliza.

Sindano alikuwa ameingia chumba kile. Alimfungia Kwanza mashine, akaipima kwa santuri yake mwenyewe ya kupimia, akaambiwa keti basi, akasema ana mteja Larbert, siku nyingine. Wenzake hawakuwahi hata kufika mlangoni. Walionyeshana kava benchini, walikwaruzana juu ya Japani, walipeana mkono, kila mtu akarudi kwake kusikiliza peke yake.

– Mama alikuwa anaandaa vikombe, Rhona aliendelea, bado anasubiri. Kila Jumatano alikuwa anasema labda leo watakuja.

Sindano akainua mkono wa mashine, akaurudisha mwanzoni mwa upande, akaacha kitufe kwenye thelathini na tatu. Kesho ingekuwa hivyohivyo, na atakayecheka acheke. Glavu hakupinga. Yule mwanamume akaanza kuimba, na wale wazee wakasikiliza wamesimama, Tokyo kavua kofia, bila mtu kutaja chapa. Upande ule kwa spidi ile ni mrefu. Mteja mmoja aliingia kutaka mkate, akaona hali, akangoja.

Sindano ya mashine ilipofika kwenye lebo, Rhona akasema:

– Hapa ndipo baba alipokuwa anaita chai.